Kitovu cha taa kilivyokubali waifai

Siku tatu kitovu cha kuongoza taa, yaani kifaa cha kuwasha na kuzima taa za nyumba kwa simu, hapa kwangu Kasarani, kilipepesa rangi ya machungwa tu, kikikataa kuungana na waifai. Nilizima ruta nikawasha, nikakirudisha katika hali ya kiwandani mara mbili, nikakisogeza karibu. Wapi!

Kumbe ruta inarusha masafa mawili, 2.4 na 5 GHz, kwa jina moja. Kitovu kinajua 2.4 pekee, simu iling'ang'ania 5. Nikaingia mipangilio ya ruta, nikayapa majina tofauti, nikaunganisha simu na ile ya 2.4. Bado.

Kilichomaliza kazi ni kuzima data ya simu. Wakati wa kukiunganisha, kitovu hurusha waifai yake ya muda ili simu ikifikie; waifai hiyo haina intaneti, kwa hiyo simu ilikuwa ikiikimbia kimyakimya na kurudi kwenye data. Punde taa ya kitovu ikawa kijani. Mama watoto akauliza kama swichi ya ukutani bado inafanya kazi. Inafanya.