Palermo kwa miguu: mji ambao Malindi iliandikwa kitabuni mwaka 1154

Sisi watu wa Malindi tumekua na Wataliano, wana hoteli kwetu, wana majumba, kule Ngomeni wana kituo chao cha setilaiti tangu miaka ya 60, na ukipita sokoni utamsikia mama anauza maembe kwa Kitaliano safi kabisa ambacho hakukisoma darasani. Kwa hio mdogo wangu anayefanya kazi Bologna aliponipigia akasema dada njoo likizo hii twende Palermo, kusini huko, kisiwani Sicilia, sikuwa na wasiwasi wa lugha. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, tusitembezwe kwenye lile kundi la watu hamsini na kibendera juu ya fimbo. Nikamwambia tutafute mtu wetu peke yetu, tutembee naye kwa miguu asubuhi nzima, atujibu maswali mpaka yaishe.

Na nawaambia kabisa, kama una pesa ya kitu kimoja tu Palermo wacha kuimaliza kwenye hoteli, mlipe mtembeza wageni. Wengi wanalipisha kwa kundi sio kwa kichwa, kwa hio mkiwa wanne watano inagawanyika vizuri, sisi tulikuwa wawili tu ikauma kidogo lakini nitawaeleza kwa nini sijutii hata senti. Kule Italia hii kazi ina leseni, mwenye leseni ana kadi yake ameivaa shingoni, na wetu alikuwa nayo, mama mtu mzima mzaliwa wa Palermo, nywele nyeupe, raba miguuni, anatembea haraka kushinda sisi. Kabla hatujafika mdogo wangu alimuandikia kwamba sisi ni Waislamu kutoka pwani ya Kenya, tunataka kujua habari za Waarabu wa Sicilia na tunataka kuingia sokoni. Akajibu sawa, nitawapangia njia yenu. Hapo ndio tofauti ilipo, njia ilipangwa kwa ajili yetu.

Tulianzia Quattro Canti, ile njia panda yenye kona nne zilizopindwa kwa ndani, kila kona ina chemchemi na sanamu za wafalme wa Hispania na watakatifu wa mji, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1600. Pazuri, kila mtu anapiga picha, tukapiga na sisi tukaondoka. Chemchemi ya Pretoria iko hatua chache tu na masanamu yake ya uchi, hapo napo tulipita. Mama wa watu alikuwa na haraka ya kutufikisha kwa Mfalme Roger, aliyetawala Sicilia miaka ya 1100.

Historia yenyewe aliielezea akiwa anatembea, anageuka nyuma kila saa kuhakikisha tunamsikia. Waislamu waliuteka mji huu mwaka 831 wakakaa miaka zaidi ya mia mbili, wakaleta mifereji ya maji ya chini ya ardhi, malimau, miwa, bustani, mpaka mwaka 1072 wakaja Wanormani kutoka kaskazini wakauchukua. Sasa hawa Wanormani badala ya kubomoa kila kitu na kufukuza kila mtu waliwaweka mafundi na makarani waliowakuta, na Roger wa pili alipotawazwa mfalme Krismasi ya mwaka 1130 ofisi yake ilikuwa inaandika kwa Kilatini, Kigiriki na Kiarabu. Pale kanisa la Martorana, lililojengwa na amiri wake wa majeshi ya majini, kuna picha ya vijiwe vidogo vidogo vya dhahabu, Roger anavishwa taji na Yesu mwenyewe, na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kigiriki. Mkristo wa Kilatini, amevaa kama mfalme wa Konstantinopoli. Alafu mama akatoa kwenye mkoba picha ya joho la huyo huyo Roger, hariri nyekundu, simba wawili kila mmoja amemuangusha ngamia, na pindoni maandishi ya Kiarabu yanayosema limeshonwa Sicilia mwaka 528 wa Hijria. Joho lenyewe sasa liko Vienna. Mfalme wa Kikristo nguo yake imeandikwa tarehe ya Hijria, nilimuomba anirudishie ile picha niiangalie tena.

Kanisa kuu lilianza kujengwa miaka ya 1180 mahali palipokuwa na msikiti, na msikiti nao ulikuwa kanisa kabla yake. Makundi yote yalikuwa yanaingia moja kwa moja ndani kutafuta kivuli. Sisi mama alitusimamisha nje kwenye baraza ya kusini, akatupeleka kwenye nguzo ya kwanza kushoto, akasema haya someni. Nguzo ya kijivu, imechakaa, ukipita haraka utadhani ni mikwaruzo, lakini ukisogea karibu kuna kama kifremu kimechongwa na ndani yake mistari ya Kiarabu cha zamani, herufi zimenyooka zina kona. Mimi nilianza kushika neno moja moja, mdogo wangu akaniwahi kwa sababu yeye chuoni alikuwa hodari kunishinda, akasoma kwa sauti ya chini, ni Suratul A'raf aya ya 54, ile ya Mola wenu aliyeumba mbingu na ardhi kwa siku sita, na usiku unaufunika mchana. Kwenye mlango wa kanisa kuu, wallahi. Watu wanaingia misa wanaipita hio nguzo miaka mamia na hakuna aliyeikwangua. Nikaweka kiganja juu ya jiwe, lilikuwa na baridi ingawa nje jua lilikuwa linachoma.

Kutoka hapo hadi Palazzo dei Normanni ni mwendo mfupi, ni jumba la wafalme ambalo leo ndani yake linakaa bunge la Sicilia, na ndio ilipo Cappella Palatina, kanisa dogo la wafalme. Nendeni mapema asubuhi, foleni yake si mchezo, na funikeni mabega. Ndani dhahabu imejaa kila ukuta, manabii na mitume, maandishi ya Kigiriki na Kilatini, na watu wote wanasimama mdomo wazi kutazama kuba. Mama akasema sasa tazameni juu katikati, dari. Dari ni ya mbao, imechongwa vijumba vijumba vinavyoning'inia kama ile ya misikiti ya Moroko na Misri, na kila kijumba kimechorwa rangi, watu wamekaa wamekunja miguu na vilemba, wapiga udi, wacheza sataranji, ngamia, tausi, na maandishi ya Kiarabu ya kumuombea mfalme baraka. Mafundi Waislamu wamefanya kazi ile juu ya kanisa la Kikristo miaka ya 1140 hivi. Shingo iliniuma lakini sikuweza kuacha kutazama. Nje ya mlango kuna jiwe la saa ya maji aliyotengenezewa Roger mwaka 1142, limeandikwa lugha tatu, moja chini ya nyingine.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike haya yote. Tulitoka kwenye ua wa jumba, ule wenye matao ghorofa tatu, tukakaa kwenye kivuli kunywa maji, mama akasema nyinyi mmetoka Malindi sio, nilisoma kwenye barua yenu, kuna kitu nimewabebea. Akatoa karatasi kubwa imelaminetiwa, ramani, akaigeuza juu chini manake ile ramani kusini ndio kuko juu. Akasema hii ni kazi ya al-Idrisi, Sharifu kutoka Maghrib, kule Afrika ya kaskazini magharibi, mwanajiografia wa Roger, alikaa hapa kwenye jumba la mfalme akafanya kazi miaka kumi na tano hivi, wanaita wasafiri na wafanyabiashara mmoja mmoja wanawauliza, wanalinganisha maneno yao, yanayokubaliana ndio yanaandikwa. Walichonga dunia nzima kwenye sahani kubwa ya fedha, na kitabu cha kuielezea kikaisha mwaka 1154, na Roger akafa mwezi mmoja baadaye. Sahani ilipotea kwenye fujo zilizofuata, lakini kitabu kilinakiliwa na ramani zake 70 zipo mpaka leo.

Alafu akaweka kidole kwenye pwani ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, akasema hapa, Malindi. Na hapa Mombasa. Idrisi ameandika kwamba watu wa Malindi wanawinda, wanavua, na wana machimbo ya chuma, na biashara ya chuma ndio inawaingizia pesa nyingi kuliko zote. Mdogo wangu akamuuliza, sasa signora huyu Idrisi alifika kwetu? Akasema hapana, hakufika, lakini kuna watu waliofika na waliowajua waliofika, na habari zenu zilipanda bahari mpaka zikaingia kwenye jumba hili.

Jamani. Mimi nimekulia hatua chache kutoka ile nguzo ya Vasco da Gama, kila mtalii anayekuja anapelekwa pale kupigwa picha, na shuleni tulivyofundishwa ni kama mji wetu ulizaliwa siku Mreno alipotia nanga mwaka 1498. Kumbe miaka 344 kabla yake kuna karani Palermo anaandika kwamba Malindi wanauza chuma. Nilitokwa na machozi kabisa, mama akanishika mkono akanyamaza. Kwenye kundi la watu hamsini hili lisingetokea, nani angesimamisha kundi zima kwa ajili ya Malindi?

Na hakutupambia hadithi ya kwamba watu walipendana tu, hilo nalimshukuru sana. Tukiwa tunatembea kwenye mitaa ya zamani ya Wayahudi, ambako vibao vya majina ya barabara mpaka leo vimeandikwa Kitaliano, Kiebrania na Kiarabu, alituambia wazi kwamba utawala wa Wanormani ulipoyumba Waislamu walishambuliwa, kisha Federico wa pili, mjukuu wa Roger, akawahamisha waliobaki kwa nguvu mpaka Lucera kule bara, na Wayahudi walifukuzwa kwa amri ya mfalme wa Hispania mwaka 1492. Vibao vimewekwa juzi juzi tu, watu wenyewe waliondolewa karne nyingi zilizopita. Alisema anataka kila mgeni wake aondoke na yote mawili, mazuri na mabaya.

Tukamalizia Ballarò, soko lililopo tangu enzi za Waarabu. Wauzaji wanapiga kelele kwa wimbo, samaki-upanga amewekwa kichwa juu na upanga wake, mabiringani, zeituni, viungo, na katikati ya Wasicilia kuna Waghana, Wanigeria, Wabangladeshi, Watamil. Ukutani pale kuna mchoro mkubwa wa San Benedetto, mtakatifu mweusi, mtoto wa watumwa wa Kiafrika aliyezaliwa Sicilia miaka ya 1520, hakujua kusoma, alikuwa mpishi wa nyumba ya watawa kisha wakamchagua kuwa mkubwa wao, alikufa 1589 na Palermo ikamfanya mmoja wa walinzi wake. Mwili wake ulikuwa umehifadhiwa kwenye kanisa la Santa Maria di Gesù mpaka moto wa Julai 2023 ulipoliteketeza. Mama alilielezea hilo kama mtu aliyefiwa.

Hapo hapo sokoni akatuambia ya mwaka 2016, kijana wa Gambia alipigwa risasi mtaani mchana, na wafanyabiashara wa Kibangladeshi waliokuwa wamechoka kutozwa pesa na wahuni wa mafia wakaenda pamoja kuripoti, watu wakakamatwa. Watu walioishi hapo vizazi na vizazi walikuwa wanaogopa, wageni wakasema basi. Baadhi ya maduka utaona stika ya Addiopizzo, ile harakati ya vijana iliyoanza 2004 ya kukataa kulipa mafia, na mama alitupeleka kula kwa mwenye stika.

Chakula, kwetu Waislamu muulizeni mtu wenu mapema. Ule mkate wa bandama unaosifiwa sana unakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, tuliuacha. Lakini panelle, unga wa dengu umekatwa vipande vyembamba ukakaangwa kwa mafuta ya mbegu, ukatiwa kwenye mkate wenye ufuta na kukamuliwa limau, ni ndugu wa bajia kabisa, mama alimuuliza muuzaji kuhusu mafuta kabla hatujagusa na tukala mpaka tukaagiza tena.

Tulipoagana akatuambia kesho nendeni Monreale, basi linapatikana Piazza Indipendenza, kule kuna kanisa la William wa pili lenye zaidi ya mita za mraba 6,000 za picha za vijiwe, na kwa kule hamnihitaji, mshajua cha kutazama. Tulienda, na ni kweli tulijua, lakini mdogo wangu ameshamuandikia tena, mwakani tunamleta mama yetu mzazi na tunataka siku nzima, pamoja na jumba la Zisa ambako kuna jiwe la kaburi la mama mmoja wa mwaka 1149 ambalo mwanawe padri aliliandikisha kwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu na Kiarabu cha herufi za Kiebrania.