Via dell'Abbondanza kwa macho ya mtu wa lami

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa barabara, na imeniachia ugonjwa mmoja: popote niendapo natazama chini. Tulipokwenda Pompeii, magofu ya mji wa kale wa Warumi huko Italia, na mpwa wangu anayesoma Napoli, yeye alipiga picha michoro ya ukutani, mimi nikachuchumaa katikati ya Via dell'Abbondanza nikipima kwa kiganja mfereji uliochimbwa na magurudumu. "Mjomba, watu wanakuangalia." Waache waangalie.

Mtaa huu unaanzia uwanja mkuu wa mji na kwenda mashariki zaidi ya mita 800 hadi lango la Sarno. Umetandikwa mapande makubwa ya mawe meusi, ambayo ni lava iliyopoa, zao la Vesuvius, mlima uleule ulioufukia mji mwaka 79 BK. Ni jiwe gumu hasa. Hata hivyo mikokoteni yenye matairi ya chuma imelila.

Kilichonishika zaidi ni maji. Pompeii ilikuwa na mitaro michache sana ya chini ya ardhi. Maji ya mvua, ya kwenye mapaa, na yale yaliyofurika mchana kutwa usiku kucha kutoka kwenye mabirika ya maji ya mtaani, mengi yalipita juu ya barabara yenyewe. Ndiyo maana njia za waenda kwa miguu zimeinuliwa juu kiasi kile, na ndiyo maana kuna yale mawe ya kuvukia yanayopendwa na watalii. Yamewekwa kwa nafasi maalumu: mtu anavuka bila kulowa wala kukanyaga samadi, gurudumu linapita katikati. Jiwe moja nilipolikagua ubavuni, lilikuwa limekwanguliwa na magurudumu hadi limekuwa laini. Kutokana na alama za namna hiyo, mtafiti Eric Poehler alionyesha kwamba madereva wa mikokoteni walishika upande wa kulia, na kwamba baadhi ya mitaa ilikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Karibu na uwanja mkuu mawe yamesimamishwa wima njiani: mkokoteni haupiti, basi.

Sasa tuje kwenye viraka. Mwaka 2019 Poehler na wenzake wawili walichapisha ripoti kwamba katika mitaa ya Pompeii wameona mabaki na madoa ya chuma zaidi ya 400. Maelezo yao ni kwamba Warumi waliyeyusha chuma, au takataka zake, wakaimimina kwenye mashimo na nyufa za barabara. Kuna matone yaliyodondoka pembeni, pale ambapo hapakuwa na shimo lolote la kuziba! Nililiona doa moja la rangi ya kutu na nikacheka peke yangu, kwa sababu umwagaji huo naujua. Ni kibarua aliyebeba kitu cha moto na anataka amalize arudi nyumbani. Kung'oa mawe na kuyatandika upya kungefunga mtaa kwa miezi, na wenye maduka wasingekubali.

Maduka yalikuwa mengi mno. Mgahawa wa Vetutius Placidus bado una kaunta yake yenye mitungi iliyojengewa ndani, na katika mtungi mmoja zilikutwa sarafu za karibu kilo tatu. Kuta za nje zimejaa matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa kwa rangi. Hayo yameandikwa na wengi, sina la kuongeza.

Ninalotaka kuongeza ni kuhusu namna mtaa ulivyofukuliwa. Kuanzia miaka ya 1910, mwanaakiolojia Vittorio Spinazzola alichimba akifuata barabara kwenda mashariki, akiokoa roshani na sakafu za juu kwenye nyuso za nyumba. Kazi ya kupendeza. Lakini sehemu nyingi aliishia kwenye uso tu, nyuma akaacha kifusi cha volkano kimesimama kama ukuta. Mtu yeyote wa barabara akiuona ukingo mrefu wa udongo umeegemea ukuta usio na mtaro nyuma, moyo unamdunda.

Novemba 2010, baada ya mvua nyingi, jengo la Schola Armaturarum lililoko mtaani hapo liliporomoka. Lilikwisha kubomolewa na mabomu mwaka 1943, likajengwa upya na kubebeshwa zege. Wengi walinyooshea kidole maji ya mvua yaliyoshiba kwenye udongo wa nyuma, pamoja na uzito wa zege lile. Mimi sishangai hata kidogo. Ukuta wa zamani unavumilia mengi, ila si maji yaliyokosa pa kutokea.

Baada ya aibu ile ndipo ukaja mradi mkubwa wa kuinusuru Pompeii, euro milioni 105, na sehemu ya fedha ilikwenda kwenye kazi isiyopigwa picha na mtu: kulaza miteremko ile ya kifusi isiwe wima, na kuitengenezea njia za kutolea maji. Ukifika, inua macho juu ya nyumba za upande wa mashariki uikague. Imefanywa vizuri.