Siku Tuliyokwenda kwa Akina Welk

Lawrence Welk, kiongozi wa bendi wa Kimarekani na mpiga akodiani, kile kinanda cha kuvuta kifuani, nilianza kumjua kwa kumchoka. Kila Jumamosi jioni nilipokuwa zamu kwa bibi mmoja wa mjini Bismarck, North Dakota, hapakuwa na taarifa ya habari wala mpira. Ni Welk tu. Televisheni ya umma ilikuwa inarudia vipindi vyake vya zamani: mzee aliyenyooka ndani ya suti, kijiti cha kuongozea bendi mkononi, mapovu ya sabuni yanapaa nyuma yake, akina dada wamevaa magauni ya sare. Anahesabu moja, mbili, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kijerumani, muziki unaanza. Bibi anatulia kitini. Mimi naangalia saa ya ukutani.

Nilikuwa nabeba boksi, kama tunavyosema tulioko huko, na boksi langu lilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Huyu alikuwa ameshavuka miaka 90. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, jambo lililonishinda kabisa, nikawa namwita Bibi. Akalizoea mpaka akawa analiitikia upesi kuliko jina lake.

Mwaka 2010, mwezi wa nane, binti yake akanipigia simu. Mama anataka kwenda Strasburg kuiona nyumba alikokulia Welk, na yeye peke yake hataweza kumpandisha na kumshusha garini. Atanilipa kama siku ya kazi. Nikakubali kwa ajili ya malipo, tusidanganyane.

Ni mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja. Unashika barabara kuu kuelekea mashariki, halafu unakata kusini kwa barabara namba 83, unapita Linton, na kote huko ni ngano na alizeti hadi macho yanachoka. Alizeti ile ingemfurahisha mtu wa Singida. Nikiwa kiti cha nyuma, nikamsimulia Bibi kwamba kwetu Mwanza, ziwani, karibu na kivuko cha Kamanga, kuna jiwe kubwa limesimama juu ya mawe mengine, na linaitwa Jiwe la Bismarck. Wajerumani waliotutawala ndio waliolipa jina la kansela wao. Na mji wao huu nao, kumbe, ulipewa jina hilo mwaka 1873 na kampuni ya reli ya Northern Pacific, iliyokuwa inawatongoza Wajerumani wenye fedha wawekeze kwenye njia yake.

"Kwa hiyo umetoka kwa Bismarck ukaja kwa Bismarck," binti akasema, akicheka.

Bibi hakucheka. Alisema wao hawana habari na Bismarck, kwa sababu watu wao walipoondoka Ujerumani, Bismarck alikuwa hajazaliwa.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kweli. Nilikuwa nimemhesabu Bibi, na Welk pia, kuwa Wajerumani wa kawaida, wa meli kutoka Hamburg. Sivyo. Hawa ni Wajerumani wa Urusi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Tsar Alexander wa Kwanza aliwakaribisha wakulima wa Kijerumani kwenye ardhi za Bahari Nyeusi, kwa ahadi ya mashamba, uhuru wa dini na watoto wao kutochukuliwa jeshini. Mwaka 1808 wakaanzisha vijiji karibu na Odessa, Ukraine ya leo, vikiwamo Strassburg na Selz. Wakakaa huko vizazi kadhaa, wakisema Kijerumani chao, wakioana wenyewe kwa wenyewe. Miaka ya 1870 serikali ya Urusi ikaivunja ile ahadi ya jeshi, vijana wakaanza kuandikishwa, na watu wakafunga mizigo kwenda Dakota. Wazazi wa Welk, Ludwig na Christina, walitoka Selz na kufika mwaka 1892. Mababu zao walikuwa wametokea Alsace, ambayo leo iko Ufaransa. Maana yake, yule "Mjerumani" maarufu kuliko wote kwenye televisheni ya Marekani, angetaka leo kwenda kuzuru makaburi ya wazee wake, angepitia Ufaransa na Ukraine. Ujerumani yenyewe hana haja ya kuigusa.

Binti aliweka diski ya John Denver. Nikajikuta naimba naye ule wimbo wa 1971 wa kuisifu West Virginia, kwa sababu Afrika Mashariki nani asiyeujua? Redio zetu zimeupiga mpaka umekuwa kama wa kwetu.

"Deutschendorf," Bibi akasema.

Nikadhani ananituma kitu.

"Jina lake. Henry John Deutschendorf. Akaona aibu, akajiita mji wa Colorado." Akaendelea bila kuombwa: na Doris Day naye, yule mwimbaji wa Cincinnati, ni Kappelhoff, babu na bibi wa pande zote mbili Wajerumani. Kiongozi wa bendi alimwambia jina halitaenea kwenye bango, akampa Day. Bibi aliyataja majina hayo ya asili kama mwalimu anayesoma mahudhurio na kukuta watoto hawapo. Nilimwuliza kwa upole kama si haki ya mtu kujiita apendavyo akitafuta riziki. Akanijibu kwamba Welk hakubadili hata herufi moja, na riziki aliipata.

Strasburg ni kijiji cha watu kama 400 hivi. Shamba liko nje kidogo, unaingia kwa barabara ya changarawe. Nyumba kwa nje ni ya mbao zilizopakwa rangi nyeupe, ndogo, haina makuu. Binti alinieleza kwamba mwaka 1990 Bunge la Marekani lilitenga dola 500,000 za kujenga kituo cha historia ya Wajerumani wa Urusi hapo Strasburg, na nchi nzima ikawacheka: kodi ya wananchi inakwenda kwenye kibanda cha mpiga akodiani! Mwaka uliofuata fedha zikafutwa. Bibi bado alikuwa na kinyongo. "Hawakuwa wanacheka fedha," alisema. "Walikuwa wanatucheka sisi."

Ndani, mama aliyekuwa akiongoza wageni akatuonyesha kwamba zile mbao ni koti tu. Kuta zenyewe ni tofali za udongo uliokandwa na majani, zikakaushwa juani. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayetegemea mgeni ashangae, na Wamarekani wawili tuliokuwa nao wakashangaa kweli. Mimi niliweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa baridi, ingawa nje jua lilikuwa linachoma. Nikamwambia najua kazi hiyo, nimeifanya likizo kwa babu: unachimba shimo, unamwaga maji, unatia majani, unakanyaga kwa miguu mpaka udongo ukubali. Yule mama akaniuliza tunatumia majani ya nini. Nikasema yoyote yaliyopo, hata ya mpunga. Wao walitumia ya ngano. Tukasimama pale tukijadili nyufa na mvua kama mafundi wawili, Bibi akatusikiliza ameegemea fremu yake ya kutembelea, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza aliniangalia kama mtu mwenye kwao.

Wavulana walilala darini, na ngazi ya kupandia iko nje ya nyumba. Bibi asingeweza. Nikapanda mimi na kumpigia kelele nilichokuwa nakiona: paa la chini, joto la kukausha samaki, vitanda. Niliwaza kijana wa huko juu kwenye baridi ya Januari ya North Dakota, ambayo naijua mpaka kwenye mifupa, anatoka nje usiku kushuka ngazi yenye barafu ili aende msalani. Mtu kama huyo lazima atafute kazi ya mjini.

Na aliitafuta kwa hesabu. Welk alizaliwa mwaka 1903, akaugua sana utotoni baada ya kidole tumbo kupasuka, na hakurudi tena shule ya maana. Baba yake alikuwa na akodiani ya zamani, ndiyo iliyomshika. Alipokua akataka ya kisasa, ya dola 400, fedha ambayo kwa mkulima wa wakati ule ilikuwa si mchezo. Wakapatana: baba anunue, kijana afanye kazi shambani mpaka atimize miaka 21, na kila senti atakayoipata kwa kupiga muziki harusini aikabidhi nyumbani. Mkataba ukatimizwa na pande zote. Tarehe 11 Machi 1924, siku aliyofikisha miaka 21, akaondoka.

Harusi za watu hawa zilikwenda siku tatu. Kaka mkubwa wa Bibi aliwahi kucheza kwenye moja iliyopigwa na Welk kijana, na Bibi mwenyewe alikuwa akimsikiliza utotoni redioni, stesheni ya WNAX ya Yankton, alikoanza mwaka 1927. Nilipomwambia kwamba akodiani iko hata kwenye taarabu ya Unguja, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Chakula cha mchana tulikula kijijini: supu ya knoephla, yaani viazi na vitonge vya unga kwenye mchuzi wa maziwa, kisha kuchen, mkate mtamu wenye matunda juu. Hapo Bibi akasema jambo ambalo Jumamosi zote zile hakuwahi kulisema.

Shuleni kwao ukikutwa unasema Kijerumani uwanjani, unachapwa rula ya vidole. Alijifunza Kiingereza kwa vidole, alisema. Halafu mwaka 1955 Welk akaanza kuonekana nchi nzima kupitia shirika la televisheni la ABC. Wao walikuwa na televisheni, ya kwanza kwa pale walipoishi, na majirani Wanorwe walikuja kuangalia. Mume wake, Mjerumani wa Urusi kama yeye, alikaa kwenye kiti cha karibu kabisa na seti. Welk akifungua kinywa kusema, mume anainuka na kuipunguza sauti. Muziki ukianza, anaipandisha. Kipindi kizima ni kuinuka na kukaa.

"Alikuwa anampenda?" nikauliza.

"Alikuwa anamwabudu."

Nilimwelewa yule marehemu pasipo kuelezwa zaidi. Mimi mwenyewe ofisini simu ikilia nilikuwa nampa mwenzangu Mmarekani aipokee. Na Welk naye, Bibi alisema, kwa miaka mingi jukwaani aliogopa kusema, akawaachia wengine watangaze nyimbo, kwa kuwa Kiingereza alikishika akiwa mtu mzima. Televisheni ndiyo iliyomlazimisha. Wachekeshaji wakamwiga, watu wakaizoea ile lafudhi, mwishowe ikawa ndiyo nembo yake. Kwangu mimi hapo ndipo anapowapita akina Denver: jina mtu unaweza kulivua, ulimi unakuja nao. Mwaka 1971 ABC ikamwondoa, sababu watazamaji wake walikuwa wazee na watangazaji wa biashara wanataka vijana. Akauza kipindi mwenyewe kwa stesheni zaidi ya 200, kikaendelea hadi 1982. Bibi alilisimulia hilo akigonga meza kwa kijiko.

Kwa vile moyo ulikuwa umefunguka, nikathubutu kumwuliza lililokuwa linanisumbua muda mrefu: hivi huyu Welk, akodiani alikuwa anaijua kweli?

"Wastani," Bibi akasema. "Aliyeijua ni Myron Floren wa bendi yake."

Binti akaweka uma chini. "Mama, Floren si Mnorwe?"

"Mnorwe wa South Dakota," Bibi akasema. "Huyo niulize, hajawahi kukosea noti. Nipitishie hiyo kuchen."