Zimwi Lenye Isale Mkononi

Tangu masika ninaandika riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12, inayowahusu ndugu watatu wa Uchagani wenye kipawa cha kujigeuza wanyama, pamoja na zimwi la kale lililolala vizazi vingi katika kilindi cha Ziwa Chala na ambalo sasa limeamka. Kila Jumamosi jioni, hapa Moshi, ninawasomea watoto wa kaka yangu sura niliyoikamilisha, nao hawaachi kosa hata moja lipite.

Katika rasimu ya kwanza yule mkubwa aligeuka simba, wa pili tai na wa mwisho tembo. Niliona fahari nilipokuwa nikiiandika, lakini nilipoisoma kwa sauti niligundua kwamba wanyama wale walikuwa mavazi tu: mtoto aliuvaa usimba, akapigana, akashinda, akauvua, na hakuna msikilizaji aliyemhofia. Mambo yalibadilika siku tulipokwenda katika msitu wa Rau, tukakaa chini ya mti mmoja kwa muda mrefu tukiwatazama mbega. Mbega hana kidole gumba. Mahali pake pana kinundu tu, na vile vidole vinne vilivyobaki hushika tawi kama ndoano. Mtoto wa pili wa kaka yangu, aliyekuwa akichezea kamba ya kiatu chake, akaniuliza, "Shangazi, sasa mtu akigeuka mbega, fundo atalifunguaje?"

Swali hilo lilinipa sura nzima. Sasa yule mkubwa anapita mitini kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeiweza, anawafikia wadogo zake waliofungwa ndani ya mahandaki ambayo Wachagga wa zamani waliyachimba ili kujificha wakati wa vita, na ambayo hadi leo yanaonekana kule Marangu, kisha anasimama mbele ya fundo la kawaida kabisa ambalo mikono yake haiwezi kulifungua, huku akijua kwamba akirudia umbo lake la mtoto zimwi litanusa harufu yake. Niliposoma ukurasa huo, hakuna aliyekohoa.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wawili, aliniuliza kwa upole kama hadithi hii haiwafundishi watoto uchawi. Sikulichukulia swali lake kwa wepesi, kwa sababu katika nchi yetu neno hilo limegharimu maisha ya watu, hasa vikongwe wasio na hatia. Niliirudia rasimu nikaondoa hirizi, dawa na maneno ya siri yote. Sasa kipawa kinatokana na kutazama: mtoto hawezi kugeuka mnyama asiyemjua, na kumjua maana yake ni kumfuatilia kuanzia masika hadi kiangazi, kujua anakula nini, analala wapi na anamwogopa nani. Ndiyo sababu kitinda mimba, anayeogopa giza, anageuka perere. Alikesha usiku mwingi akisikiliza kilio kinachoanza chini kwa chini na kupanda hadi kuwa ukelele, mpaka alipogundua kwamba chanzo chake ni kiumbe chenye ukubwa wa sungura tu. Ninamshukuru mama yule, kwani bila swali lake nisingelifika hapo.

Kuhusu zimwi nilimrudia marehemu bibi yangu. Mazimwi ya hadithi zake hayakuwa makubwa kama milima. Yalikuja yakiwa vijana watanashati waliovaa vizuri na kusalimu kwa heshima, na bibi arusi aligundua akiwa amechelewa kwamba mumewe ana kinywa cha pili kisogoni, kilichofichwa na nywele. Kwa hiyo zimwi langu nalo linajigeuza, tena kwa ustadi kuliko watoto wale, isipokuwa halimtazami mtu ili kumjua, bali humtazama ili kumla, na limekwisha kuchukua maumbo mengi kiasi kwamba limesahau lile lililozaliwa nalo.

Sura iliyonisumbua zaidi ni ile ambamo zimwi linafika kwenye kihamba, yaani shamba la urithi la familia, likiwa katika umbo la mzee, limeshika tawi la isale, mmea wa majani marefu. Aliyelelewa Uchagani anajua uzito wa jambo hilo: anayekujia na isale ameomba msamaha, na kumkatalia ni aibu kubwa. Niliwaacha watoto wangu watatu wamesimama mlangoni kwa wiki nne nzima, kwa sababu wakimpokea mzee wataliwa, na wakimfukuza watakuwa wamevunja mila ambayo kitabu kizima kinaiheshimu.

Jumamosi iliyopita niliwaeleza watoto wa kaka yangu tatizo langu, na mdogo wao akasema tu, "Mwambieni alipande." Masale ndiyo yanayoonyesha mipaka ya vihamba vyetu, na tawi lake likichomekwa ardhini huota. Zimwi halina kihamba popote duniani, halina ardhi ya baba wala ya babu ambamo lingeweza kulichomeka tawi lile. Nimeanza kuiandika sura upya usiku huohuo. Mzee amesimama uani na tawi lake mkononi, na watoto wamemletea jembe.