Punguzeni gunia kwanza, mkanda wa mgongo baadaye

Jamani leo niongelee migongo ya makuli, maana naona tushaizoea mno. Mimi nauza viazi na vitunguu hapa Dar, mzigo unashuka usiku hata adhana ya alfajiri bado, fuso likifika tu vijana washajipanga, na ukiwaangalia wale waliokaa sokoni muda mrefu utaona wengi wanatembea wamelalia upande mmoja. Watu wanasema ni uzee. Uzee gani wa mtu wa miaka 38? Ile ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Lumbesa sheria imeikataza, Wakala wa Vipimo wanasema mazao ya shamba yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, lakini gunia linakuja limeshonewa kilemba juu na ukiliweka kwenye mzani unashangaa. Na hata hiyo 100 yenyewe ni mzani wa biashara jamani, sio mzani wa mgongo wa mtu. Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 lilishapendekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, wanawake na vijana iwe chini zaidi ya hapo. Wamarekani kupitia NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini, hesabu yao ya kunyanyua mwisho wake ni kilo 23 tu, tena hiyo ni pale ambapo kila kitu kiko sawa, mzigo uko karibu na mwili, hujapinda, hujageuka na hunyanyui mara nyingi. Wenzetu Kenya kanuni za viazi za 2019 zinasema mwisho kilo 50.

Sasa watu wanachowaambia makuli ni "piga goti, nyoosha mgongo, vaa mkanda". Kupiga goti sawa, ila jaribu kupiga goti na gunia la kilo 120 uone kama utasimama. Na huo mkanda mnaowauzia, NIOSH walishaupitia mwaka 1994 wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unamkinga mtu ambaye hajaumia, mimi naogopa zaidi kwamba mtu akishauvaa anajiona chuma halafu anaongeza mzigo.

Kinachoua mgongo hasa ni kuokota mzigo chini. Ukiinama mbele, gunia likiwa mbali na kitovu, misuli ya mgongo inavuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa gunia lenyewe na zile diski za pingili za chini kiunoni ndio zinabanwa, halafu ukigeuka hapohapo kumtwisha mwenzako ndio balaa. Ndio maana kuli mzoefu anataka atwishwe kutoka juu ya bodi la gari, mzigo unatua begani amesimama wima. Basi tuwasaidie hivyohivyo hadi mwisho, magunia yasipangwe sakafuni, yawekwe juu ya kichanja cha mbao kinachofika kiunoni, asijitwishe mtu peke yake, na njia ya kwenda stoo isawazishwe ili toroli lipite. Toroli la matairi mawili jamani! Kuna wafanyabiashara wana magari mawili lakini toroli hawana.

Ugumu uko kwenye malipo. Kuli analipwa kwa gunia, kwa hiyo ukimwambia gunia liwe dogo anaona unamkata hela, na ana haki ya kuogopa. Lipeni kwa kilo, kwishney, mbona mzani tunao. Na mkumbuke huyu mtu hana mwajiri anayemchangia kule WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wanaoumia kazini, kiuno kikikatika leo kesho ni vidonge vya maumivu anavyomeza na chai ili arudi kubeba, ile dawa inanyamazisha tu na tumbo linaumia.

Kwa ndugu zangu mnaobeba, mgongo ukikaza usilale kitandani wiki nzima, tembea taratibu, fanya kazi nyepesi, maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache. Lakini ukiona mguu unakosa nguvu, ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo hautoki au unatoka wenyewe, hapo hakuna cha kukandwa wala kuvutwa na fundi wa mifupa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku, mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu inaweza isirudi.