Gololi si gololi: nilivyochagua keria ya baiskeli ya nyuma ya gari

Kila niliyemuuliza ushauri alianzia kwenye keria. Nunua ya baiskeli nne, utanishukuru baadaye. Chukua ya kuning'iniza, ni nyepesi. Hakuna aliyeniambia nilale kwanza chini ya gari, nikaangalie kile chuma ambacho keria yenyewe itashikilia. Sasa kwa kuwa yangu imetulia, nalipa deni hilo kwa yeyote aliye Nakuru, Kisumu au Kakamega anayetaka kubeba baiskeli bila kuziangalia kwenye kioo kila dakika.

Gari ni Probox, na Probox zinazotoka Japani kwa kawaida hazina chuma cha kuvutia trela. Mafundi wetu hukiita tobaa, ndiyo, kama mtu anayejutia jambo, na ukikitengeneza vibaya utajuta kweli. Mafundi wa jua kali wanaweza kukitengeneza vizuri sana, mradi uwaambie kifungwe wapi. Kisifungwe kwenye bampa. Kisichomelewe kwenye bati la sakafu ya buti, kwa sababu moto unaunguza rangi ya upande wa ndani, na kutu huanzia pale usipopaona. Kifungwe kwa bolti kwenye zile boriti mbili za chesisi zinazopita chini ya buti, kushoto na kulia. Mimi niliagiza bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene milimita 5, likatize upana wa gari, na kila upande ubao wa chuma wa milimita 8 wenye bolti tatu za M12, yaani za kipenyo cha milimita 12, zilizopigwa kichwani muhuri wa 8.8, alama ya uimara wa chuma. Boriti hizo ni mashimo ndani kama kasha. Ukikaza bolti ikipenya moja kwa moja, kasha linabonyea, bolti inalegea, unakaza tena, linabonyea zaidi. Dawa yake ni kipande cha bomba chenye urefu sawasawa na upana wa ndani wa boriti, bolti ipite katikati yake. Fundi alitaka kukiruka. Nilikaa pale mpaka kikaingia.

Gharama yote, pamoja na rangi, haikufika elfu ishirini, nikihesabu vyuma vyangu mwenyewe vilivyokuwa vimelala nyumbani.

Tobaa ya kiwandani huwa na kibandiko cha chuma chenye herufi S na kilo: S 50, S 75, mara nyingine S 100. Huo ndio uzito unaoruhusiwa kukandamiza gololi, yaani tufe la chuma la tobaa ambalo trela hushikia, kwenda chini, na keria yote pamoja na baiskeli hukandamiza kwenda chini. Herufi D iliyo kando yake ni ya kuvuta, haikuhusu hapa. Tobaa ya jua kali haina kibandiko, kwa hiyo nilijiwekea kilo 50 na nikakataa kubishana. Baiskeli nilizipima dukani kwa muuza nafaka, kwenye mizani ile ya kutundikia magunia: ya milimani kilo 14, ya barabarani 9 na kitu, ya mtoto 11, na Black Mamba ya jirani kilo 22 ikiwa na keria yake. Keria ya gari ya baiskeli mbili ilikuwa kilo 15. Ongeza 14 mara mbili, 43. Imetosha. Keria ya baiskeli nne ambayo kila mtu aliisifu ilikuwa na kilo zaidi ya 20 ikiwa tupu. Ukipakia baiskeli nne za kilo 14 umeshapita 75, na hujagusa tuta hata moja.

Uzito si kilo tu, ni umbali pia. Baiskeli ya kwanza hukaa kama sentimita 25 nyuma ya gololi, ya pili 45, ya tatu 65, ya nne 85. Zidisha: ya nne peke yake inaipinda gololi kuliko ya kwanza na ya pili zikiwa pamoja. Ndiyo maana baiskeli nzito hukaa karibu na gari siku zote, hata kama ndiyo ya mwisho kupakiwa na inakulazimu kuishusha nyingine.

Sasa gololi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipoangukia mara mbili nikiwa nimesimama.

Keria niliyopata ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, ya jukwaa: magurudumu hukaa kwenye mifereji, mkono mmoja hushika fremu, na keria nzima huishika gololi kwa taya linalobanwa na mpini. Haina bolti hata moja inayogusa gari. Taya hilo limetengenezwa kwa gololi ya milimita 50. Nilimwambia fundi hivyo. Akanitazama kwa huruma: "Mkubwa, gololi ni gololi." Akanifungia iliyokuwa rafuni, akaipaka grisi kwa ukarimu, kama ilivyo desturi ya trela.

Sikupakia baiskeli. Huo ndio ujanja pekee ninaojisifia katika safari hii yote: nilifunga magunia mawili ya mchanga ya kilo 14 kila moja kwenye mifereji, nikashika njia ya Njoro yenye matuta ya kutosha. Mpini ulikuwa umefunga kwa vidole viwili, nikafurahi kwamba ni laini. Kumbe ulaini ndio ulikuwa onyo. Tuta la tatu, keria ikainamia kushoto. La tano, gunia la nyuma lilikuwa karibu kulamba lami. Nikasimama nikainyanyua kwa mkono. Ikanyanyuka kama kifuniko cha sufuria.

Nilirudi nyumbani na venia, ile ya kupimia unene tuliyoteswa nayo kwenye maabara ya fizikia. Milimita 47.6. Juu ya gololi, chini ya grisi, imeandikwa wazi inchi 1 7/8, saizi ya trela ndogo za Kimarekani. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya 50. Taya linaona tofauti ya milimita 2.4 vizuri sana. Ipo na ya inchi 2, ambayo ni 50.8, na hiyo hukataa kuingia au hulazimisha taya, kwa hiyo nayo si ya keria hii. Na hata ya 50 halali ikichakaa ikafika 49 imekwisha kazi. Pima pande mbili, kwa sababu huchakaa mbele na nyuma zaidi ya ubavuni.

Nikanunua ya 50. Nikafuta grisi kwa petroli na kitambaa, nikaondoa rangi mpya kwa msasa, kwa kuwa keria hii inashikilia kwa msuguano mtupu. Grisi inayosaidia trela ndiyo inayoiua keria. Safari hii mpini ulitaka mikono miwili na uzito wa mwili. Magunia yale yale, njia ile ile. Taya halikusogea hata unywele. Lakini kufika Njoro keria ilikuwa imegeuka kando, pamoja na gololi yake.

Gololi hiyo ilikuwa ya mguu mmoja: mguu unapenya kwenye ulimi wa chuma, nati moja chini. Keria inapoyumba kushoto na kulia, inayumba kwa kuuzunguka mguu ule ule ambao nati inakazwa kwao. Kila kona inakuwa spana. Niliweka washa ya springi, nikaweka gundi ya nyuzi za bolti, ikavumilia safari moja tu. Kwa trela haina shida, kwa sababu kichwa cha trela huteleza juu ya gololi. Keria haitelezi, inaing'ang'ania.

Jibu ni gololi ya uso bapa, inayofungwa kwa bolti mbili za M16 kwenye ubao wa chuma uliosimama wima. Matundu yake yanaachana milimita 90 kutoka katikati hadi katikati, na bolti mbili haziwezi kugeuka pamoja. Fundi alikata ulimi, akachomelea ubao wa milimita 12 mahali pake. Bolti hizo za 8.8 zinataka kukazwa karibu Nm 200 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na spana ya kupimia mkazo sikuwa nayo, wala fundi. Tulipandisha gari kwenye ngazi za mahali pa kuoshea magari. Tukatia bomba kwenye spana, na mita moja kamili kutoka katikati ya bolti tukatundika mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Lita 20 ni kilo 20, na kilo 20 kwa mita moja ni Nm 196. Kaza mpaka bomba lililolala sawa libebe mtungi bila kushuka. Huyo fundi aliyeniambia gololi ni gololi sasa nasikia anawafanyia wengine hivyo hivyo, na anasema ni wazo lake.

Nikachora mstari mmoja wa rangi ya kucha kuanzia kwenye nati hadi kwenye ubao. Mstari ukivunjika, nati imesogea. Katikati ya gololi iwe sentimita 35 hadi 42 kutoka chini gari likiwa na mzigo. Yangu nimeiacha 42, maana mkia mrefu na matuta yetu havipendani.

Kuhusu ile ya kuning'iniza, ambayo fremu hulala kwenye mikono miwili: ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini baiskeli zinapiga kengele safari nzima. Fremu ya mama, isiyo na mtalimbo wa juu, inahitaji chuma cha kuazima kati ya kiti na usukani. Fremu ya kaboni usiibane kabisa. Zile za mikanda zinazofungwa kwenye mlango wa buti sizitaki hata kwa zawadi. Kulabu zinang'ata ukingo wa bati. Black Mamba nayo ni mtihani kwenye jukwaa: ni ndefu, na magurudumu ya inchi 28 hufika mwisho wa mfereji, hivyo pima umbali kati ya ekseli zake mbili kabla ya kununua. Pima pia tairi nene, kwa sababu mikanda mingi ya zamani haizunguki tairi la zaidi ya inchi 2.

Taa. Baiskeli mbili zinaziba taa za nyuma na namba ya gari, na namba isiyosomeka ni kosa. Utaelezana na askari kwenye kizuizi cha kwanza. Keria yenye taa zake inahitaji soketi ya pini saba. Rangi za nyaya ni hizi: njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ya nyuma ya kushoto, kahawia ya kulia, bluu ya ukungu, nyeupe ya ardhi. Nyingi za Ulaya huja na plagi ya pini 13. Uliza kiunganishi chake pale pale dukani. Ukiwasha indiketa na taa zote zikapepesa pamoja kama disko, usibadilishe balbu. Waya mweupe haujashika bati. Kwaruza rangi, funga tena. Namba yenyewe naihamishia kwenye keria kwa skrubu mbili na kuirudisha nikimaliza.

Angalia mdomo wa ekzosi. Ukipuliza moja kwa moja kwenye mfereji, unayeyusha mkanda wa plastiki kwanza, kisha tairi. Kipande cha bomba kilichopinda kuelekea chini kinatosha. Na buti: keria ya kuinamisha kwa kanyagio inafaa kwa mlango unaofunguka kwenda juu kama wa Probox, lakini kwa Prado zile ambazo mlango hufunguka kwa ubavu, jaribu kwanza mlango ukiwa wazi kabisa, keria ikiwa na baiskeli.

Kupakia: ya kwanza usukani kushoto, ya pili kulia, pedali za ndani zitolewe. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha ile ya kulia, kwa hiyo usiilazimishe. Mahali fremu zinapogusana funga vipande vya tyubu kuukuu. Kisha mkanda mmoja wa racheti kuzunguka baiskeli zote na mwili wa keria, hata kama mwenye keria anasema hauhitajiki. Tikisa usukani wa baiskeli kwa nguvu: gari zima liyumbe nayo. Baiskeli ikiyumba peke yake, anza upya. Kilomita kumi za kwanza simama ukague. Nikielekea Kericho mimi husimama Salgaa, kabla ya mpando wa Sachangwan, nikatazama ule mstari wa rangi ya kucha na kusukuma mpini.

Keria ikitoka, gololi naivalisha mpira wa tenisi uliochanwa tumbo. Vumbi halishiki, na muundi wa anayepita nyuma ya gari unapona. Rafiki akiazima gari kuvuta trela, anaipaka grisi, na akirudisha anakuja na petroli na kitambaa.