Ukipunguza wanga, anza na chumvi

Wiki ya kwanza ya kupunguza wanga mizani inaweza kushuka kilo moja hadi tatu. Sehemu kubwa ni maji. Mwenye usugu wa insulini, yaani mwili wake hauiitikii vizuri homoni hiyo inayoshusha sukari, huwa na insulini nyingi kwenye damu, nayo huzifanya figo zishikilie sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi. Wanga ukipungua insulini hushuka, figo huachia sodiamu, na maji huifuata kwenye mkojo. Ndipo kichwa huuma, ukiinuka unaona kizunguzungu, na usiku kigimbi hukaza.

Wengi hukimbilia maji. Ukijijaza maji matupu, sodiamu iliyobaki huzidi kuzimuliwa. Wengine hununua vidonge vya potasiamu, na hapo wanaanzia mwisho: sodiamu ikipungua, mwili hutoa homoni ya aldosteroni, inayookoa sodiamu kwa kuitupa potasiamu. Nyingi ya uliyomeza inaishia chooni.

Kijiko cha chai cha chumvi, kikiwa sawasawa, ni kama gramu 6, ndani yake sodiamu gramu 2.3 hivi. Anayekula wanga chini ya gramu 50 kwa siku hulenga sodiamu gramu 3 hadi 5, pamoja na iliyomo kwenye chakula. Koroga robo kijiko kwenye kikombe cha supu ya moto, unywe taratibu. Kichwa kikitulia baada ya muda mfupi, huenda ulikuwa umepungukiwa chumvi. Ukiibugia nyingi kwa mkupuo kwenye maji unaweza kuharisha, na kupoteza maji na chumvi zaidi.

Potasiamu itafute kwenye parachichi, mchicha, uyoga na samaki. Mboga ukizichemsha usimwage maji yake, maana potasiamu huvujia humo. Kuna pia madini ya magnesiamu: ya vidonge vya aina ya sitreti au glisineti, miligramu 200 hadi 300 jioni, inatosha; ya aina ya oksaidi hufyonzwa kidogo.

Haya yote si ya mwenye figo mbovu, moyo ulioshindwa kazi au presha isiyodhibitiwa. Anayetumia dawa za presha zinazoishia na "-pril" au "-sartan", au spironolactone, asiguse chumvi ya potasiamu kabla ya kupima damu. Anayechoma insulini au kumeza dawa ya kisukari ya glibenclamide aonane na daktari apunguziwe dozi kabla ya kupunguza wanga, la sivyo sukari itaporomoka. Na anayemeza dawa za kisukari za empagliflozin au dapagliflozin akipata kichefuchefu, tumbo kuuma na pumzi za haraka, aende hospitali hata kama mashine ya kupima sukari inasoma kawaida: asidi ya ketoni, inayotokea mwili ukichoma mafuta, inaweza kupanda bila sukari kupanda sana.